Kiswahili kitakufikisha Lubumbashi, lakini makaratasi yanataka Kifaransa (uzi kwa wanaodharau lugha hii)

Mzigo wa Transiti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mmoja wa mambo ya vyuo mdau aliuliza kijana ajifunze lugha gani ya kigeni baada ya Kiingereza. Majibu yakamiminika: Kichina, Kiarabu, Kikorea. Aliyethubutu kutaja Kifaransa alizomewa, akaambiwa hiyo ni lugha ya kupigia picha mnara wa Eiffel. Nikaona nisichafue uzi wa watu, nifungue wangu.

Mimi niko kwenye uwakala wa forodha hapa Dar, na mizigo yangu mingi ni ya kwenda Kongo, ile ya Kinshasa (DRC). Nitaongea ninayoyajua. Wa utalii, wa ukalimani na walioko Kanada watajazia.

Kwanza ramani. Mtanzania akisikia Kifaransa anawaza Paris. Wengi wetu Paris hatutaiona na wala haitudai kitu. Kifaransa kinachotuhusu kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Panda meli Kigoma, shuka Kalemie au Uvira, umeshaingia Kongo, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Burundi nako kipo, ingawa siku hizi wameongeza Kiingereza. Vuka bahari kwenda Moroni, kule Komoro, utakikuta. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya walishakubali Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha zake pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Na ukitafuta mji mkubwa kuliko yote katika nchi zinazotumia Kifaransa rasmi, utaangukia Kinshasa. Paris inafuata nyuma.

Najua mtakachosema: "Mkongo wa mashariki anaongea Kiswahili, Kifaransa cha nini?" Ni kweli anaongea. Katiba yao ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Dereva wangu akifika Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, anakula, anataniana na watu, anapatana bei ya tairi, na hamhitaji mkalimani. Shida inaanza pale maongezi yanapoisha na kalamu inapotoka mfukoni. Upande ule wa nchi unaongea Kiswahili lakini unaandika Kifaransa.

Chukua kontena moja la kawaida. Kuna ankara, kuna orodha ya vifurushi, kuna cheti cha asili ya bidhaa. Kuna FERI, ile fomu ya kielektroniki ya OGEFREM (ofisi ya Kongo inayosimamia usafirishaji wa mizigo) ambayo mzigo wa kwenda Kongo ukikosa unajitafutia faini. Kuna tamko la DGDA, mamlaka ya forodha ya Kongo, kuna ukaguzi wa OCC, ofisi yao ya kukagua bidhaa. Baadhi ya hizo ukipeleka kwa Kiingereza zinapita. Lakini swali likirudi, linarudi kwa Kifaransa. Lori limelala Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, dereva anadai posho, mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, na wewe umeshika barua ya ukurasa mmoja unatafuta wa kukusomea. Huyo wa kukusomea anajua umebanwa, kwa hiyo bei anapanga yeye.

Halafu kuna jambo ambalo hata mawakala wakongwe wengi hawalifuatilii. Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012. OHADA ni umoja wa nchi 17 za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara: za kuanzisha kampuni, za dhamana, za kudai madeni, za kufilisika. Ipo hata sheria mahsusi ya mikataba ya kusafirisha mizigo kwa barabara, ambayo ndiyo chakula chetu sisi. Sheria hizo zikishapitishwa na baraza la mawaziri la umoja huo zinatumika moja kwa moja, hazisubiri bunge la kila nchi lizipitishe upya. Mahakama yao ya juu iko Abidjan. Zina tafsiri, lakini kazi yenyewe, kuanzia kwa wakili hadi mahakama ya biashara pale Lubumbashi, inafanyika kwa Kifaransa. Maana yake ukizielewa kwa ajili ya mteja wako wa Lubumbashi, umezielewa kwa ajili ya Douala, Dakar na Moroni pia. Sijui lugha nyingine ambayo ukijifunza inakupa na sheria za nchi 17 kwa mkupuo.

Na hapo sijaenda Kariakoo. Mkongo anayenunua vitenge au vipuri anaongea Kiswahili chake vizuri tu. Lakini mzigo ukikua akataka mkataba, akataka ankara ya awali ya kupeleka benki kwao, muuzaji anayeweza kumwandikia ukurasa mmoja wa Kifaransa safi anabaki naye. Asiyeweza anampoteza kwa duka la jirani.

Ushauri wangu, ambao walimu hawataupenda: ukiwa mfanyabiashara, anza na kusoma. Usipoteze mwaka mzima unajifunza kuagiza kahawa na mkate. Soma ankara, soma mikataba, soma matangazo ya forodha. Kuongea kutakuja, tena ukiwa Lubumbashi una Kiswahili cha kukushika mkono.

Karibuni.

Kimbunga

Mleta uzi umeandika vizuri ila umechelewa kama miaka kumi. Kifaransa kinaporomoka, mkuu. Mali wameandika katiba mpya 2023 wakakiondoa kwenye nafasi ya lugha rasmi, kimebaki lugha ya kazi tu. Burkina Faso wakafuata. Niger nao wamekipa Kihausa nafasi ya juu. Machi 2025 wote watatu wakajitoa kwenye Francophonie, ule umoja wa nchi zinazotumia Kifaransa. Wenyewe wanaikimbia hiyo lugha ya mkoloni, wewe unatuambia tuikimbilie?

Rwanda si walibadilisha shule zao zote kwenda Kiingereza tangu 2008? Kagame si mjinga.

Na simu ninayoandikia hapa inatafsiri ukurasa wa Kifaransa kwa sekunde. Napiga picha, nasoma, nasonga mbele. Ada ya darasa naweka mafuta.

Lushois

Bonjour bandugu.

Mi niko wa Lubumbashi, niko Dar kwa kazi. Ule mwenye aliandika kwanza anasema kweli. Kwetu mtoto anaongea Kiswahili ku nyumba, ku soko, ku kanisa. Akiingia masomo, Kifaransa. Akienda ku bureau ya État (serikali), Kifaransa. Hata baba yangu akiandikia mukubwa wake ku kazi barua ya kuomba congé (likizo), anaandika Kifaransa, halafu bote babili banaongea Kiswahili kutwa.

Kimbunga, simu yako iko muzuri, lakini tafazali ujue kitu kimoja. Douanier (mtu wa forodha) hatasaini tafsiri ya simu. Anataka document yenye ilisainiwa, yenye mhuri, ya Kifaransa. Na ukimwambia "ngoja nipige picha", ameshajua wewe hujui kitu.

Kitu kingine cha kusaidia bandugu ba Tanzania benye bataanza. Bafaransa banahesabu vibaya: sabini kwao ni sitini-na-kumi, tisini ni mara-nne-ishirini-na-kumi. Sisi ku Congo hapana. Tunasema septante na nonante, vile Babelgiji balituachia. Rwanda na Burundi vilevile. Themanini tu ndiyo tunasema sawa na Bafaransa, quatre-vingts. Mwalimu wako wa Paris atakufundisha ya Paris, jifunze. Lakini ukipigiwa simu ya bei kutoka Lubumbashi, utasikia septante-cinq, ni sabini na tano. Usiseme hujaambiwa.

Nyumbu wa Ndutu

Nakazia. Huku Arusha nadhani ndipo Kifaransa kinaonekana mfukoni haraka kuliko mahali popote nchini.

Waongoza watalii wa Kiingereza ni wengi kuliko magari. Kundi la Wafaransa, Wabelgiji au Waswisi wa upande wa Geneva likija, kampuni inaanza kupiga simu. Waongozaji wenye Kifaransa wanajulikana: fulani yuko Tarangire na familia, fulani ameshachukuliwa na kampuni nyingine mpaka mwisho wa Agosti. Ukiwa na Kifaransa kizuri hausubiri kuitwa, unachagua. Julai na Agosti ndiyo mavuno kwa sababu shule za kwao zimefunga na familia zinasafiri pamoja.

Lakini niwaonye wanaodhani watakariri majina ya wanyama wakapanda Land Cruiser. Majina ndiyo rahisi: gnou ni nyumbu, guépard ni duma, phacochère ni ngiri, buffle ni nyati. Kwa wiki mbili umeshayamaliza. Kazi iko mezani wakati wa chakula cha jioni. Mgeni wa Kifaransa anakaa mezani muda mrefu, anauliza. Mmasai anaoaje? Kwa nini watu waliohamishwa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro? Serikali yenu inafanya nini na kodi ya hifadhi? Anabishana kwa furaha kabisa, na asipopata wa kubishana naye anaona amekuja bure. Ukimjibu "oui, oui" kila swali, kesho yake anamwambia msimamizi wa safari kuwa mwongozaji hajui lugha.

Kwa hiyo ukitaka kazi hii, lenga kiwango cha B2 (vile viwango vya lugha vya Ulaya vinavyoanzia A1 hadi C2). B1 utaendesha siku, lakini jioni utakimbia meza.

Mpemba wa Darajani

Assalaam aleikum jamani.

Mbona Ngazija, yaani Komoro, mmeipitia juu juu? Sisi huku Zanzibar tuna jamaa zetu Moroni na Mutsamudu tangu enzi za mababu. Lugha yao na yetu ni ndugu, ukikaa kitako wiki mbili unaanza kushika. Lakini karatasi zao ni yale yale aliyosema mleta uzi: cheti cha kuzaliwa Kifaransa, cha ndoa kama si Kiarabu basi Kifaransa, na muhimu zaidi ripoti ya daktari Kifaransa.

Wangazija wengi huja Dar kutibiwa. Mgonjwa anafika na bahasha nene, vipimo vyote alivyofanyiwa kwao, na daktari wetu anayepokea hawezi kusoma. Matokeo yake vipimo vinaanza upya na mgonjwa analipa mara mbili. Binti wa ndugu yangu alisoma Kifaransa skuli, watu walikuwa wanamcheka. Sasa kazi yake ni hiyo: anapokea wagonjwa wa Ngazija, anawafasiria ripoti, anakaa nao kwa daktari. Hana ofisi, ana simu tu, na simu hailali.

Wauguzi na wafamasia mlio humu, fikirieni hilo.

Mzigo wa Transiti (mleta uzi)

Mpemba, shukrani, hilo la hospitali sikulifikiria kabisa.

Kimbunga, nakujibu kwa heshima. Ya Mali, Burkina na Niger ni kweli, siyapingi, na sababu zao nazielewa. Lakini mimi sina mzigo wa kwenda Bamako. Nina mzigo wa kwenda Kolwezi, Kongo. Mpaka siku Kinshasa ibadilishe katiba yake, mimi nalipwa kwa Kifaransa. Tena hata huko Mali, kuondoa neno kwenye katiba hakubadilishi majalada ya mahakama na vitabu vya sheria kwa usiku mmoja.

Rwanda umewasema nusu. Shule walizihamishia Kiingereza, sawa. Lakini Kifaransa hawakukifuta, bado ni moja ya lugha zao rasmi, na 2017 wakakiongeza Kiswahili. Na katibu mkuu wa hiyo Francophonie tangu 2019 ni Louise Mushikiwabo, aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje. Wao wanachukua kila lugha yenye faida, hawagombani nayo. Hapo ndipo ningetaka tuige.

Hili la lugha ya mkoloni silikimbii. Ila Kiingereza unachosifia hukukirithi kwa babu yako wa Usukumani.

Kuhusu simu: naitumia kila siku na inasaidia. Inakupa maana ya jumla. Lakini kwenye mkataba, kifungu cha fidia ya ucheleweshaji kinaweza kugeuka maana kwa neno moja dogo la kukanusha, na simu haitakwenda mahakamani kwa niaba yako. Anayejua lugha anatumia simu vizuri zaidi, kwa sababu anaona ilipokosea.

Kibanda cha Kioo

Mimi ni mkalimani, nipo Arusha, naomba niseme ya kwetu kidogo maana watu wengi hawaijui kazi hii.

Mji huu uliingia kwenye ramani ya ukalimani kwa sababu ya ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Iliundwa Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikafungwa mwisho wa 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi walizungumza Kinyarwanda, majaji na mawakili wakasikiliza kwa lugha zao, na katikati kulikuwa na wakalimani kwenye vibanda vya kioo. Taasisi iliyorithi kazi zake bado ipo hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ipo hapa tangu 2007, na kesi zake nyingine zimetoka Benin, Mali, Kodivaa, hivyo Kifaransa ni chakula cha kila siku.

Sasa sikilizeni. Umoja wa Afrika umepitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mikutano inaanza kuhitaji vibanda vya Kiswahili. Wakalimani wa Kiswahili na Kiingereza wapo, tena wazuri. Wa Kiswahili na Kifaransa moja kwa moja ni wachache mno. Mara nyingi Kifaransa kinapitia Kiingereza kwanza ndipo kije Kiswahili, na kila kituo kinapoteza kitu: utani unakufa, hasira inapoa. Kijana mwenye Kiswahili cha nyumbani kilichokomaa na Kifaransa cha C1 kwenda juu, akasomea ukalimani kwa utaratibu, anaingia mahali ambapo foleni haijaanza.

Nasema "Kiswahili kilichokomaa" kwa makusudi. Wengi wanakuja na Kifaransa kizuri na Kiswahili cha mtaani. Ukipewa hotuba ya bajeti uiseme kwa Kiswahili papo hapo, ndipo utajua kama unakijua.

Na si mikutano mikubwa tu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu imepokea Wakongo na Warundi. Mashirika ya wakimbizi yanaandika ripoti kwa Kiingereza, vyeti vya shule na vya hospitali vya wakimbizi viko kwa Kifaransa. Wanaohitajika hapo ni wa pande zote mbili.

Shabiki Lialia

Nyie mnaongea mahakama, mimi nilikitamani Kifaransa siku za Mayele, Aziz Ki na Pacôme pale Jangwani, kwa Yanga. Mchezaji anahojiwa baada ya mechi, anamwaga maneno dakika nzima, mkalimani anasema "anamshukuru Mungu na mashabiki". Dakika nzima yote? Nikajua hapa tunaibiwa.

Baridi Kali

Salaam kutoka Kanada, wakuu. Huku nje ni theluji kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Mnaotafuta njia ya kuja huku kihalali, hiki Kifaransa ndicho ambacho vishoka hawawaambii kwa sababu hakiuziki kwa siku moja. Kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuomba ukaazi wa kudumu kwa pointi, mwenye Kifaransa cha NCLC 7 (kipimo cha Kifaransa cha Kanada) katika stadi zote nne (kusoma, kuandika, kusikiliza, kuongea) anaongezewa pointi, hadi 50 kama Kiingereza chake nacho si cha kubahatisha. Tangu 2023 kuna hata mialiko inayotolewa mahsusi kwa wanaojua Kifaransa, na alama za kualikwa huko mara nyingi zimekuwa chini sana kuliko za mialiko ya kawaida. NCLC 7 ni karibu na B2 anayoisema ndugu wa Ndutu.

Mitihani inayokubalika ni TEF Canada na TCF Canada. Matokeo yake yanadumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiukimbilie mtihani wakati faili lako lingine halijakaa sawa. DELF, cheti cha Kifaransa cha serikali ya Ufaransa, ni cha maisha, hakiishi muda, lakini kwa uhamiaji wa huku hawakipokei. Watu wanachanganya hayo mawili na wanapoteza hela.

Quebec wana utaratibu wao wenyewe, msidhani Kifaransa ni Quebec peke yake. New Brunswick ndiyo mkoa pekee wenye lugha mbili rasmi, na Ontario na Manitoba kuna jamii za Kifaransa zinazotafuta watu. Utakutana na Wakongo na Warundi kibao, Kiswahili kitakuwepo mezani.

Kutoka sifuri hadi B2, makadirio ya kawaida ya walimu ni kama saa 560 hadi 650 za masomo. Anayekuahidi miezi miwili anakuuzia hewa.

Mwalimu wa Ngeli

Nafundisha Kifaransa sekondari, na kweli ule ushauri wa mleta uzi wa kuanza na kusoma siupendi. Si kwamba haufanyi kazi. Unafanya, kwa mtu mzima mwenye ankara mkononi. Lakini Kifaransa hakitamkwi kinavyoandikwa. Herufi nyingi za mwisho ni bubu. Ukizoea kukisoma kwa macho peke yake, utajijengea kichwani matamshi ya Kiswahili, kila herufi ikisikika, na kuja kuyabomoa baadaye ni kazi nzito kuliko kuanza. Soma ankara zako, lakini soma kwa sauti na mtu akusikilize.

Niwape moyo kwa jambo moja. Wanafunzi wanaogopa jinsia za nomino, le na la, kivumishi kinabadilika kufuata nomino. Wanaolia zaidi ni wale walioletewa hofu na vitabu vilivyoandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza. Sisi tangu utotoni tunasema kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, maji mazuri, na hatujawahi kulia. Ngeli zetu zinapita kumi, wao wana makundi mawili tu. Mtoto wa Kiswahili akielezwa hivyo anacheka na kuendelea.

Panapouma ni kwingine: sauti ya u yao, ile ya tu, ambayo si u yetu wala i, na zile irabu zinazopitia puani. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kusikiliza na kurudia.

Vya bure vya kusikiliza: RFI wana taarifa ya habari ya Kifaransa rahisi kila siku, na TV5Monde wana mazoezi mtandaoni yaliyopangwa kwa viwango. Mimi nawapenda zaidi Radio Okapi ya Kongo. Wanatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kiswahili kimo. Sikiliza habari kwa Kiswahili chao, kisha zile zile kwa Kifaransa. Unajua tayari kinachosemwa, sikio linabaki na kazi ya maneno tu. Na lafudhi ni ya watu utakaofanya nao biashara.

Kijana wa HGF

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo kidato cha sita, nasoma HGF (Historia, Jiografia na Kifaransa). Wenzangu wananiambia nimejichimbia kaburi, nitaishia kufundisha tu. Baada ya hapa niende wapi? Ufaransa kusoma inawezekana kwa mtoto wa mkulima?

Kibanda cha Kioo

Marahaba kijana.

Usome Kifaransa pamoja na kitu kingine. Huo ndio msimamo wangu baada ya kuona wengi. Kifaransa peke yake kitakupeleka ualimu, ambao si kaburi, walimu wake ni wachache na wanaheshimika. Kifaransa na sheria ni hadithi nyingine kabisa, rudia alichosema mleta uzi kuhusu OHADA. Kifaransa na uhasibu, Kifaransa na uuguzi, Kifaransa na usafirishaji, vyote vina kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha Kifaransa, kwa hiyo si lazima uvuke bahari kwanza.

Ufaransa vyuo vya serikali vilipandisha ada 2019 kwa wanaotoka nje ya Ulaya: ikawa euro 2,770 kwa mwaka shahada ya kwanza na 3,770 ya uzamili, na baadaye imepanda kidogo. Kuna vyuo vinavyosamehe sehemu. Hata hivyo ada si tatizo kubwa kama kodi ya chumba na chakula. Bila ufadhili, kwa familia ya mkulima, ningesema subiri uzamili. Angalia pia ufadhili wa serikali ya Algeria unaotangazwa kwa Watanzania. Masomo mengi ya sayansi huko yalizoea kufundishwa kwa Kifaransa, ingawa siku hizi wameanza kuhamia Kiingereza, kwa hiyo ulizia kwanza.

Kimbunga

Sawa, nimesoma yote. Sikubali kwamba kina mbele ndefu, lakini nakubali kwamba kina leo. Nina malori mawili yanaenda Kasumbalesa. Nimlipie nani, dereva au karani wa ofisini?

Mzigo wa Transiti (mleta uzi)

Karani. Dereva ana Kiswahili, atajimudu. Karani ndiye anayepokea barua. Mpeleke Alliance Française, Dar ipo na Arusha ipo, mikoa mingine atafute mwalimu wa sekondari wa kumfundisha jioni. Mwambie alenge DELF A2 kwanza, na kuanzia mwezi wa kwanza mpe nakala za makaratasi yenu ya zamani ayachambue moja moja pembeni. Dereva mfundishe namba tu, hadi elfu, na zile za Lushois.

Lushois

Na amufundishe pia kusema "Bonjour, chef" kabla ya kuomba kitu. Batanzania banaingia ku bureau banauliza moja kwa moja "karatasi yangu iko wapi?" Kwetu ile ni matusi kidogo.

Kimbunga, karani wako akikwama ku facture (ankara), anitumie inbox. Ya kwanza ni bure.